Je, wajua kwa nini Mwalimu Nyerere alijikata mshahara mwaka 1966?

Tarehe 22 Oktoba 1966, mamia ya wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango uliowataka wasomi wote kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, wakae kambini miezi mitano, kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango mojawapo lilidai kuwa enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Walilalamika kwamba wao wanabanwa huku viongozi wakineemeka.

Rais Julius Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho. Alikasirika, na wanafunzi hao walifukuzwa chuoni na kurudishwa makwao, ingawa wengi walipokewa tena baadaye. Lakini kwa maoni yangu, jambo zito zaidi la siku ile ni kwamba hoja yao kuhusu viongozi hakuikana. Alikiri kuwa mishahara ya wakubwa, wake ukiwamo, ilikuwa mikubwa mno kwa nchi ya wakulima, na papo hapo akaupunguza wake kwa asilimia 20, kutoka shilingi 5,000 hadi 4,000 kwa mwezi.

Sababu yake ilitokana na namna alivyoitazama kazi. Kwake, mshahara wa waziri na gharama za masomo ya mwanafunzi vilitoka mfuko mmoja, yaani jasho la mkulima wa pamba, kahawa au katani, ambaye mwenyewe hakuwa na mshahara wowote. Kwa hiyo msomi alikuwa na deni la kulipa kwa utumishi, na mtawala naye hakuwa na haki ya kumdai msomi kile ambacho yeye mwenyewe hakitoi.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, fikra hiyo iliingia katika Azimio la Arusha, tamko lililoweka siasa ya Ujamaa nchini Tanzania. Kiongozi wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, au wa Serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Na masharti hayo yalimhusu pia mwenzi wake wa ndoa, ili mali isifichwe kwa jina la mke au mume. Yalilegezwa Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, ilipokutana Zanzibar.