Meli ndogo iliyozeeka: wanayosema watu na hali ilivyo

Ukitaja safari ya meli ya kitalii mbele ya watu wa Kampala, wengi huwaza yale maghorofa yanayoelea tunayoyaona kwenye simu, yenye mabwawa na mitelezo ya maji juu kabisa. Sema sasa kwamba unayoitaka wewe ina miaka thelathini na abiria mia chache tu. Wataona umekosa pesa, au akili.

“Meli kuukuu itazama.” Hofu hii hapa kwetu ina sababu, maana Ziwa Victoria limetuzikia watu wengi. Lakini umri ndio uliowaua? MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza mwaka 1996 ilikuwa ya 1979. MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, Septemba 2018 ilikuwa ya 2004, na ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Miezi miwili baadaye ikazama boti ya starehe upande wetu, Mukono. Nayo ilikuwa bovu na imejaza. Wakati huohuo kule Ziwa Tanganyika kuna MV Liemba: ilijengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wakaizamisha wenyewe vitani 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 na kubeba abiria hadi karne hii. Na baharini, Costa Concordia haikuwa imefikisha hata miaka sita kazini ilipogonga mwamba Italia Januari 2012. Walikufa watu 32.

Meli ya abiria inayosafiri kimataifa hukaguliwa kila mwaka, na katika kila miaka 5 sehemu yake ya chini lazima ikaguliwe angalau mara 2 ikiwa chelezoni, yaani imetolewa majini kwa ukaguzi na matengenezo. Isitoshe, kanuni za moto zilizoanza kubana Oktoba 2010 zilistaafisha meli nyingi za zamani zilizopambwa kwa mbao. Iliyobaki kazini imechujwa. Kwa hiyo usiulize tu ilijengwa lini, uliza iliingia chelezoni lini.

“Ndogo itakutapisha.” Hapa wana ukweli kiasi. Bahari ikichafuka, meli ndogo huyumba zaidi. Ila zile zilizojengwa zamani kwa ajili ya kuvuka bahari kuu zilipewa tumbo refu linalozama sana majini, na hukata wimbi vizuri kuliko umbo lao linavyoonyesha. Chukua chumba cha katikati, sitaha ya chini. Aliyekaa omo, mbele kabisa ya chombo, siku ya upepo akielekea visiwa vya Ssese hahitaji kufundishwa.

“Hakuna cha kufanya humo.” Basi panda MV Kalangala. Inaondoka Nakiwogo, Entebbe, saa 8 mchana, na safari hadi Lutoboka, bandari ya kisiwa cha Bugala huko Ssese, huchukua muda wa kama saa tatu na nusu. Si nzee, ila ni ndogo, na haina bwawa wala sinema. Watu huegemea ukingo na soda mkononi, visiwa vikipita kimoja kimoja, na kabla hamjafika nusu ya njia umeshajua nani anaenda msibani, nani ana shamba la michikichi Bugala, na nani ni mtalii ambaye hajui atalala wapi. Mwenye chumba cha kupangisha hujitokeza bila kuitwa.

Raha ya meli ndogo ya kitalii ni hiyohiyo. Icon of the Seas, mojawapo ya yale maghorofa yanayoelea, ina sitaha 20 na inaweza kupakia abiria zaidi ya 7,000. Uliyekula naye Jumatatu huenda usimwone tena hadi mnashuka. Kwenye ndogo, siku ya tatu mhudumu ameshajua chai yako haina sukari.

Halafu kuna njia ambazo kubwa hazipiti. Mfereji wa Korintho, Ugiriki, una kilomita 6 na kidogo kwa urefu, na upana wa mita 24 hivi kwenye uso wa maji. Oktoba 2019 meli Braemar, ya 1993, yenye upana wa mita 22.5, ilipenya humo, kuta za mwamba zikiwa karibu kabisa na abiria pande zote mbili. Kubwa zaidi ya hapo huzunguka rasi nzima ya Peloponnese.

“Itakuwa ya bei rahisi.” Si lazima. Gharama za nahodha, mafuta na gati zinagawanywa kwa vichwa vichache, kwa hiyo bei ya usiku mmoja inaweza kuipita ya meli kubwa. Wala usidanganywe kwamba ukiwa melini viza haihitajiki. Mwenye pasipoti ya Uganda akipandia nchi ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, anahitaji viza hiyo, na meli ikitoka nje ya eneo hilo kisha ikarudi, iwe ya kuingia zaidi ya mara moja.

Kasoro zipo, na wauzaji hawazitangazi: vyumba vidogo visivyo na roshani, intaneti ya kusuasua, na ukipangiwa chumba cha tezi, nyuma kabisa ya meli, utalala na mtetemo wa injini. Mwenye magoti mabovu aulize lifti zinafika sitaha zipi kabla hajalipa. Na mwenye watoto watatu wanaotaka mitelezo ya maji akate tiketi ya ile kubwa, sina ubishi naye.