Kutoka kwenye majalada ya watoto hadi ushauri wa kujitegemea

Vijana wanaotamani kazi ninayoifanya, ushauri wa kujitegemea kuhusu haki za mtoto, huniuliza wasome nini. Milango ni mingi. Nimefanya kazi na wanasheria, walimu, wauguzi, na mtakwimu mmoja anayezielewa haki za mtoto kuliko mawakili wengi niliokutana nao. Mimi niliingilia mlango wa ustawi wa jamii, na kilichonifanya mtetezi ni kisanduku kimoja kwenye fomu.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Nilikabidhiwa majalada ya watoto waliokuwa wakilelewa kwenye makao, niyapange kabla ya kikao cha mapitio. Chini ya kila fomu palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Maoni ya mtoto". Jalada la kwanza: "Anakubaliana na uamuzi." La pili, vilevile. Kufika la saba nikaanza kuyatandaza mezani. Maneno yaleyale, mwandiko uleule, kalamu ileile ya bluu. Mmoja wa watoto hao alikuwa na umri wa miezi minane.

Aliyeandika alikuwa mwenzangu, mtu mwema na mchapakazi aliyeelemewa na majalada. Kisanduku kilitaka kujazwa, akakijaza. Lakini juu ya maneno hayo matatu watoto walikuwa wakihamishwa, wakitenganishwa na ndugu zao, wakirudishwa nyumbani.

Jioni ile ndipo nilipoisoma kwa makini ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989. Inasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika kila jambo linalomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Baadaye niliyapata Maoni ya Jumla Namba 12 ya Kamati ya Haki za Mtoto, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachofuatilia utekelezaji wa Mkataba, ya mwaka 2009, yanayofafanua kwamba ibara hiyo haiweki umri wa chini, na kwamba mtoto asiyeweza kusema huzungumza kwa mchezo, kwa mchoro, kwa uso na kwa mwili wake. Kwa hiyo hata yule wa miezi minane alikuwa na la kusema: anatulia mikononi mwa nani, na anamlilia nani akiondoka. Kulihitajika mtu wa kukaa naye na kuandika alichokiona.

Eglantyne Jebb, aliyeanzisha Save the Children mwaka 1919 pamoja na dada yake, ndiye aliyeandika rasimu ya tamko la haki za mtoto lililokubaliwa mwaka 1924 na Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa. Lilikuwa na vipengele vitano: mtoto mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, yatima ahifadhiwe, na mengine ya namna hiyo. Kumsikiliza hakumo. Kutoka hapo hadi Mkataba wa 1989 ni miaka 65, na kwenye ofisi nyingi nilizoingia bado tuko mwaka 1924.

Nikahamia kwenye utetezi, na huko nilijifunza kuandika upya. Nchi iliyoridhia Mkataba hutakiwa kupeleka ripoti ya kwanza kwa Kamati ndani ya miaka miwili, kisha kila baada ya miaka mitano. Asasi nazo hupeleka ripoti mbadala, zinazoeleza hali kwa macho yao, kando ya ile ya serikali. Wajumbe wa Kamati ni 18 na makaratasi yanayowafikia ni mengi mno. Ukiandika "ulinzi wa watoto uimarishwe" umepoteza nafasi yako. Andika kwamba mwongozo wa mapitio ubadilishwe ili kisanduku cha maoni kijazwe na mtu aliyezungumza na mtoto ana kwa ana, aweke tarehe na mahali walipozungumzia. Hapo mjumbe ana swali la kuiuliza serikali. Anayetaka kazi hii asome Mkataba wenyewe, ibara zote 54, halafu asome Kamati iliiambia nini nchi yake mara ya mwisho. Wengi huruka hatua hiyo ya pili, nami naiona ndiyo yenye faida kubwa zaidi.

Kujitegemea kulikuja baadaye sana, na simshauri mtu akimbilie. Nilitoka kwa sababu kwenye ajira palikuwa na mambo niliyoyaona na sikuruhusiwa kuyaandika. Ukiwa huru shinikizo haliondoki, linahamia kwenye malipo. Mshauri hulipwa kwa awamu, na awamu ya mwisho hutoka mteja akishaikubali ripoti. Ukiwa huna akiba ya miezi kadhaa, siku mteja atakapotaka aya fulani ilainishwe utailainisha. Kwa hiyo jambo hili nalimaliza kabla ya kusaini. Kwenye hadidu za rejea, yaani waraka wa makubaliano unaoeleza kazi na masharti yake, nataka iandikwe kwamba mteja anaweza kusahihisha takwimu iliyokosewa, lakini matokeo hayabadilishi. Na sianzi kuzungumza na mtoto yeyote kabla sijajua nani atapokea taarifa siku hiyohiyo endapo mtoto atanieleza kwamba anaumizwa. Kazi ambayo mteja hana jibu la swali hilo huwa naikataa.

Kuna siku, baada ya saa nzima ya kuchora na kuzungumza, msichana wa miaka kumi na miwili hivi aliniuliza, "Tukishakwambia haya, yanakwenda wapi?" Niliijua njia ya ripoti hatua kwa hatua, lakini hakuna hatua iliyorudi kwake. Tangu hapo kila bajeti ninayoandika ina siku mbili za kuwarudia watoto na karatasi moja ya matokeo, kwa lugha wanayoisoma wenyewe. Mara nyingi ndizo siku za kwanza kukatwa. Huwa nazirudisha na kupunguza siku zangu za kuandika.

Safari moja niliwarudia watoto wa shule niliokuwa nimezungumza nao kuhusu usalama wao. Mvulana mmoja aliisoma karatasi akifuatisha kwa kidole, akasimama mstari wa nne. "Hapa hujaandika tulivyosema. Umeandika vyoo si salama. Sisi tulisema mlango hauna komeo."

Nilichukua kalamu nikasahihisha palepale, mbele yake. Ripoti iliyokwenda kwa mteja inasema komeo.