Kazi zako zinaishi kwenye dumu

Barazani kwangu Kibuli, hapa Kampala, nina madumu manne ya lita 20 niliyoyakata ubavu na kuyatoboa chini. Yana dhania, mnanaa, rosmari na mujaaja, ule mrehani wa kutia kwenye chai. Daftari la shughuli zangu hukaa dirishani juu yake. Nimevilea vyote, mimea na shughuli, kwa imani zilezile, na nyingi hazikuwa na ukweli.

Dhana: Ukipanda vingi utavuna vingi.
Nilimwaga pakiti nzima ya dhania kwenye dumu moja. Ikaota kama manyoya ya kifaranga, kisha ikarefuka, ikakonda, ikalala chini kwa kugombania mwanga. Ilibidi ning'oe zaidi ya nusu, niache vidole vitatu kati ya mche na mche, ndipo iliyobaki ikanenepa. Iliyong'olewa iliingia kwenye kachumbari. Wiki hiyohiyo daftari langu lilikuwa na mambo 23 ya Jumatatu moja! Sasa naandika matano, mengine yanangoja ukurasa wa nyuma.

Dhana: Panda mara moja, umemaliza.
Joto likizidi, dhania hukimbilia maua na majani huisha. Anayeitaka mezani daima husia kidogo kila baada ya wiki 2 au 3. Hesabu za mwaka nazo nazifanya hivyo, risiti chache kila Ijumaa.

Dhana: Kidogo hakidhuru.
Hapa ndipo nilipoumia. Nilichomeka kijiti cha mnanaa pembeni mwa rosmari, nikasema nafasi ipo. Juu palionekana shwari, kumbe chini ya udongo mashina yake yalikuwa yanatambaa. Nilipolipindua dumu, yalikuwa yameizunguka mizizi ya rosmari kama kamba ya mzigo wa boda. Mnanaa hupewa chombo chake peke yake. Ujumbe wa simu ndio mnanaa wangu: “nijibu huu mmoja tu,” mara adhuhuri imefika. Nimeutengea saa nne asubuhi na saa kumi jioni, basi.

Dhana: Kumwagilia kila siku ndiyo kutunza.
Rosmari asili yake ni mwambao mkavu wa Mediterania, na maji yakituama mizizi yake huoza. Mvua za Machi hadi Mei naisogeza chini ya paa, na kabla ya kumwaga maji nachoma kidole udongoni. Kuna siku nilinakili upya orodha yangu mara tatu kwa kalamu za rangi, nikalala nimechoka, bila kufanya hata jambo moja.

Dhana: Kukata ncha ni kuudhulumu mmea.
Mujaaja ukiukata juu kidogo ya jozi ya majani, hutoa matawi mawili pale pale. Ila hili sikushauri ulipeleke kwenye daftari. Nilimaliza mapema hesabu za kikundi chetu cha akiba, wakanishukuru sana, wakanikabidhi na za mfuko wa mazishi.