Je, wajua kwa nini kichujio cha lenzi humfaa mpiga picha ufukweni na kumponza usiku?

Anayenunua lenzi mpya mara nyingi hushauriwa dukani aongeze kichujio cha urujuanimno (UV), yaani kioo chembamba kinachofungwa mbele ya lenzi, ili kulinda kioo cha mbele. Hata hivyo, kichujio hicho hakikubuniwa kuwa kinga. Filamu ziliathiriwa na miale ya urujuanimno, hasa milimani na baharini, hata mandhari ya mbali ikatoka na utusitusi wa rangi ya buluu, na kichujio kiliizuia miale hiyo. Kamera za dijitali tayari zina kioo cha kuichuja mbele ya sensa, yaani kipokezi cha mwanga kilicho ndani ya kamera, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya ngao tu, na inafaa kuuliza ni ngao dhidi ya nini.

Dhidi ya chumvi, ni ngao bora. Mpiga picha za harusi anayefanya kazi Paje au Diani wakati kusi inavuma hurushiwa matone madogo ya maji ya bahari, ambayo yakikauka huacha chembe za chumvi kwenye kioo. Akizifuta kwa pindo la shati, huzisugua juu ya utando mwembamba unaopunguza mng'ao. Kichujio anaweza kukifungua, akakisuuza kwa maji ya bomba, akakikausha na kukirudisha. Lenzi yenyewe haioshwi hivyo. Vumbi jekundu la Tsavo nalo lina madhara kama hayo. Zaidi ya hapo, zipo lenzi, mfano Canon EF 17-40mm f/4L, ambazo kinga yake dhidi ya maji na vumbi haikamiliki mpaka zifungwe kichujio.

Dhidi ya kuanguka, sifa zake zimetiwa chumvi. Kioo cha kichujio ni chembamba na huvunjika kwa pigo ambalo kioo kinene cha lenzi kingelistahimili, na vipande vyake vyenye ncha kali vinaweza kuikwaruza lenzi iliyokusudiwa kulindwa. Ni kweli kwamba pete yake ya chuma hupokea sehemu ya pigo, lakini ikipinda hung'ang'ania kwenye nyuzi za skrubu za lenzi na kuitoa huwa kazi ngumu. Hudi, yaani ile kingo inayofungwa mbele ya lenzi kuzuia jua la pembeni, hulinda vizuri zaidi katika ajali za namna hii, tena haiongezi kioo chochote katika njia ya mwanga.

Kioo hicho cha ziada kina gharama yake. Kioo kisichopakwa utando hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kila upande, na ndiyo maana kichujio cha bei rahisi hufifisha picha inayopigwa kuelekea jua. Usiku hali huwa mbaya zaidi. Ukipiga picha ya Forodhani, ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukiwa kwenye boti, mwanga wa taa huakisiwa na sensa, hugonga kichujio kilicho bapa, kisha hurudi tena kwenye sensa, na picha huonyesha madoa ya mwanga yaliyopinduliwa, kila doa likiwa mkabala na taa yake, upande wa pili wa kitovu cha picha. Hakuna programu itakayoyaondoa kwa urahisi pale yanapoangukia uso wa mtu. Kifungue kichujio, upige tena kutoka palepale, na madoa hayo hayataonekana.