Je, mboji ya nyumbani lazima inuke?

Wengi huamini kwamba lundo la mboji lazima linuke na kuvuta nzi. Imani hiyo ina chanzo chake, kwani maganda ya ndizi na mabaki ya mboga yakirundikwa peke yake hushikana, hukosa hewa, na vijidudu visivyohitaji oksijeni huyaozesha kwa harufu kali. Yakichanganywa na majani makavu au maranda, takribani ndoo mbili za vikavu kwa moja ya mabichi, lundo hunukia kama udongo ulionyeshewa mvua (nyama na samaki, hata hivyo, ni heri visitiwe). Ili kuhakikisha, kamua mboji kiganjani: ikichuruzika maji, ongeza vikavu na uipindue, ikitoa tone moja au mawili tu, unyevu unatosha.