Ukomo wa ubunge: ukishaandikwa, nguvu inahamia kwa nani?

Katika mkutano mmoja wa elimu ya uraia tuliofanya kwenye ofisi ya kata, mama mmoja aliyekaa benchi la nyuma alinyoosha mkono. "Rais anaambiwa miaka kumi basi, arudi nyumbani," alisema. "Mbunge wetu yuko pale tangu mwanangu wa kwanza hajazaliwa, na sasa huyo mwanangu ana watoto. Waliosahau kumwekea mwisho ni akina nani?" Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Nilimjibu kwa kifupi mno siku ile, kwa hiyo naandika hapa jibu alilostahili.

Kwa upande wa sheria mambo yako wazi. Ibara ya 40 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inasema hakuna mtu atakayechaguliwa zaidi ya mara mbili kushika kiti cha Rais. Kwa mbunge hakuna ibara ya namna hiyo. Akishinda mara saba ni halali, na mara kumi ni halali vilevile. Hata majirani zetu Wakenya, Katiba yao ya mwaka 2010 imewawekea Rais na gavana vipindi viwili, ila mbunge na seneta wanaweza kugombea hadi nguvu ziwaishie.

Lakini hakuna aliyesahau. Jambo hili liliandikwa, likafutwa. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilizunguka nchi kukusanya maoni, na katika rasimu yake ya pili iliyokabidhiwa Desemba 2013 ilipendekeza mbunge asizidi vipindi vitatu vya miaka mitano mitano. Ilipendekeza pia wapiga kura wawe na haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya uchaguzi. Rasimu ikaenda Dodoma, kwenye Bunge Maalum la Katiba lililoanza Februari 2014. Mle ndani waliketi wabunge wote wa Bunge la Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na wajumbe 201 kutoka makundi mbalimbali. Katiba Inayopendekezwa ilipopitishwa mwezi Oktoba mwaka huohuo, ukomo wa ubunge haukuwemo, na haki ya kumwondoa mbunge haikuwemo. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Hoja inayotolewa kila mara kutetea hali hii ni kwamba ukomo anauweka mpiga kura: akimchoka mbunge, atamnyima kura. Ni hoja ya heshima na siipuuzi. Lakini mpiga kura huyo mtazameni alipo. Jina linalofika kwenye karatasi yake limeshachujwa na vikao vya chama. Mbunge aliyepo ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo, kwa hiyo bati la zahanati na dawati la shule vinafika kijijini vikisindikizwa na sura yake. Kijana anayetaka kumpinga anaanza na nauli ya kukopa. Na juu ya yote kuna ile kauli yetu ya zimwi likujualo halikuli likakwisha, ambayo nimeisikia ikitumika kumbakiza mtu ambaye kila aliyekuwa pale alikiri kwamba hasemi kitu bungeni. Fikra za kiimla hazianzii ikulu. Zinaanza pale mwananchi anapoamini kwamba kiti ni cha yule aliyekikalia, na kwamba kumwomba aondoke ni utovu wa adabu.

Wabunge wenyewe wakiachiwa kalamu, wanajiandikia nini? Uganda ilituonyesha. Desemba 2017 Bunge la Kampala lilipitisha mabadiliko ya Katiba ya kuondoa kikomo cha umri wa miaka 75 kwa mgombea urais, miaka kumi na miwili tangu lilipoondoa ukomo wa vipindi vya urais mwaka 2005. Humohumo wabunge wakachomeka kifungu cha kurefusha muda wao wenyewe kutoka miaka mitano hadi saba, tena kwa Bunge lililokuwa limeketi, ambalo wananchi walilichagua kwa miaka mitano. Mahakama ya Katiba, iliyoketi Mbale, ilitoa hukumu Julai 2018. Kuondolewa kwa kikomo cha umri kulibaki, lakini majaji wote watano walikataa ile miaka miwili ya nyongeza. Nawaomba msomaji mtazame jinsi mambo hayo mawili yalivyofungwa kamba moja: mkubwa anapata chake, na mbunge anayempigia kura anapata chake. Na tusidhani ni ya Uganda peke yake. Mwaka 2017 hapa kwetu nako mbunge mmoja alitangaza kusudio la kupeleka hoja ya miaka saba.

Wengi wakifika hapa husema: basi, tuweke ukomo, yaishe. Hapo ndipo ninapowaomba mvute subira, kwa sababu utawala wa kiimla hauchukii ukomo wa wabunge. Mara nyingine unaupenda.

Meksiko ilikuwa imetawaliwa na Porfirio Díaz kwa zaidi ya miaka 30. Mapinduzi ya mwaka 1910 yalianza na wito wa kura ya kweli na kukataa kuchaguliwa tena. Wito huo ulikuwa wa wananchi na ulikuwa halali. Lakini mwaka 1933 chama tawala kipya, kilichoundwa na Plutarco Elías Calles mwaka 1929, kiliuchukua na kuuandika kwenye Katiba kwa wabunge na maseneta: hakuna kugombea tena mfululizo. Kwa macho ni demokrasia tupu. Sasa mfuateni mbunge wa Meksiko kwenye mwaka wake wa tatu, ambao ndio wa mwisho. Akiwatumikia wapiga kura vizuri, hawana cha kumlipa, maana hawaruhusiwi kumrudisha. Mkate wake wa kesho, uwe ukuu wa idara, ugombea wa jimbo au kazi wizarani, uko mkononi mwa chama, na juu ya chama yuko rais. Atapiga kura vipi muswada wa serikali ukiletwa? Rais naye aliondoka kila baada ya miaka sita, lakini aliyekuwepo ndiye aliyemnyooshea kidole mrithi wake. Sura zilibadilika, chama kikakaa madarakani hadi mwaka 2000. Mabadiliko ya mwaka 2014 yaliwaruhusu wabunge kurudi hadi miaka 12 mfululizo, kisha mwaka 2025 katazo likarejeshwa, litakaloanza kutumika 2030.

California nayo, mwaka 1990, wapiga kura waliweka miaka sita kwa bunge la chini na minane kwa seneti. Ilikuwa mifupi mno. Mbunge alikuwa anaondoka ndiyo kwanza ameanza kuielewa bajeti, huku watendaji na washawishi wa makampuni wakibaki palepale. Mwaka 2012 wakabadilisha ikawa miaka 12 kwa jumla.

Kwa hiyo mama yule nampa jibu lenye sehemu mbili. Miaka kumi na mitano aliyoipendekeza Warioba ni kipimo kizuri: inatosha mtu kujifunza kazi, na haitoshi kuligeuza jimbo kuwa shamba la familia. Lakini ukomo huo ulikuwa na ndugu zake kwenye rasimu ileile, yaani haki ya kumwondoa mbunge, na ruhusa ya mgombea binafsi, asiyesimamishwa na chama. Leo mbunge wa Tanzania akifukuzwa chama, kiti kinakwenda. Mwekeeni ukomo huku akiwa bado amefungwa hivyo, mtakuwa mmejenga Meksiko ya mwaka 1933 kwenye ukumbi wa Dodoma.

Mchakato wa Katiba ukifunguliwa tena, kabla ya kusoma ibara hata moja, ombeni orodha ya watakaoipigia kura, na mhesabu ni wangapi kati yao ni wabunge.