Kusevu siyo bakapu: toeni faili za ruta mziweke kwenye seva, na mzitoe kwa njia salama

Tangu mvua zianze kitengo chetu cha mtandao kinapigiwa simu karibu kila siku na zote zinafanana, radi imepiga, ruta ya tawi (kifaa kinachounganisha tawi na mtandao) imeungua, tumenunua mpya, tutumieni konfigi yetu ya zamani, yaani faili la mipangilio yake. Konfigi ipi jamani? Ukimuuliza fundi anakwambia mbona nilisevu, niliandika amri ya write memory kabisa. Sasa hiyo inasevu kwenye NVRAM, kumbukumbu ya ndani ya ruta hiyohiyo iliyoungua. Bakapu (nakala ya akiba) ni faili lililotoka nje ya boksi.

Wapo wanaojitahidi kutumia TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha faili mtandaoni, na tunawashukuru, ila wanaipitisha kwenye intaneti ya wazi kutoka tawini hadi makao makuu. TFTP haiulizi jina wala paswedi, haifichi chochote, na ndani ya konfigi mna maneno ya siri ya SNMP (ya kusimamia vifaa kwa mbali), funguo za VPN (njia ya siri kati ya matawi), na zile paswedi za Cisco za aina ya 7 mnazodhani zimefichwa, zinafumbuliwa kwa sekunde tu. Halafu tunaulizwa mbona faili haliendi. Ombi linaingia UDP poti 69 (poti ni kama namba ya mlango) lakini seva inajibu kwa poti nyingine kabisa, faiwoli, yaani mlinzi wa mtandao, haiijui hiyo inaitupa, msisingizie mtandao mbovu.

Utaratibu wetu ni SCP, nayo ni ya kuhamisha faili, ila inapita ndani ya SSH (muunganisho uliofichwa), poti 22. Kwenye ruta ya Cisco andika amri "copy running-config scp:" (running-config ni konfigi inayotumika sasa hivi), itakuuliza anwani ya seva, jina la mtumiaji, jina la faili, mwisho paswedi, jibu moja moja usikimbilie kubonyeza Enter. Faili lipewe jina la tawi na tarehe, siyo "mpya" wala "mpya2" (tunazo nyingi). Akaunti ya kwenye seva iwe ya kazi hiyo tu, na folda lisifunguliwe na kila mtu. Kulirusha kwenye grupu la WhatsApp ndo usithubutu.

Na fundi aliyeacha kazi akabaki na faili kwenye laptopu, akiingia kwenye ruta bila ruhusa hilo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 4: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyopata, ile iliyo kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Kwa hiyo mtu akiondoka badilisheni paswedi siku hiyohiyo.

Kurudisha nako kuna mtego. Ukikopi faili kwenda running-config haifuti yaliyomo, inachanganya la zamani na la sasa. Likopi kwenda startup-config (konfigi inayosomwa ruta ikiwaka) kisha andika reload iwake upya. Uking'ang'ania ile ya kwanza kwenye ruta mpya poti zake za kuchomeka nyaya zitabaki zimezimwa, maana no shutdown, amri ya kuziwasha, haiandikwi kwenye faili, itabidi uingie poti moja moja uiandike mwenyewe kabla hujatupigia simu.